Okot p'Bitek na Wahusika Wasiokubali Kubadilishiwa Majina

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Hata hivyo, hawakueleza ni nani mwenye haki ya kuamua kwamba jina hili ni jema na lile ni baya. Swali hilo, ambalo kwa mtazamo wa haraka laonekana dogo, ndilo lililotawala maisha na kazi za Okot p'Bitek, mshairi, mwanaanthropolojia na mwalimu kutoka kaskazini mwa Uganda aliyefariki mwaka 1982. Katika fasihi ya Afrika Mashariki ni vigumu kumpata msanii mwingine aliyeumba wahusika walioyang'ang'ania majina na maneno yao kwa ukaidi kama walivyofanya wahusika wake. Lawino hakubali kuitwa kwa jina asilolielewa. Mfungwa hakubali kujibu kwa maneno aliyopangiwa na mahakama. Malaya hakubali kulionea haya jina alilotupiwa.

Kwa msomaji wa Migori au Homa Bay, ulimwengu wa wahusika hawa si wa mbali. Mwalimu anapoita majina ya wanafunzi asubuhi katika kaunti hizi mbili za kusini mwa Nyanza, hakosi kuwaita Okoth na Akoth, Owino na Awino, Opiyo na Odongo, Okello na Akello. Kila jina kati ya hayo ni habari fupi ya kuzaliwa kwa mwenyewe. Okoth na Akoth walizaliwa mvua ikinyesha. Owino na Awino walizaliwa wakiwa wameviringwa na kitovu. Opiyo ni pacha aliyetangulia, Odongo ni aliyefuata, na Okello ni aliyezaliwa baada ya mapacha. Tena, wazee wa Kijaluo husimulia kuhusu jina la babu au bibi aliyekufa ambalo hutakiwa lirudi kwa mjukuu: mtoto alipolia bila kunyamaza, wazazi waliyataja majina ya wahenga moja baada ya jingine, na lile alilolisikia akatulia ndilo lililokuwa lake. Hivyo basi, katika mila hii hata mtoto mchanga asiyejua kusema ana uwezo wa kulidai jina lake. Lawino wa Okot ni mtu mzima aliyeendelea kulia kilio hicho hicho.

Mwana wa mvua

Okot p'Bitek alizaliwa mwaka 1931 katika eneo la Gulu, nchi ya Waacholi. Lugha ya Kiacholi na Dholuo ya Kenya ni ndugu wa tumbo moja, zote zikiwa katika kundi la lugha za Kiluo zilizosambaa kutoka Sudan Kusini hadi ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Jina lake lenyewe linautangaza undugu huo: Okot wa Waacholi ndiye Okoth wa Wajaluo, mtoto wa mvua. Mhusika wake mashuhuri naye hahitaji mkalimani akifika Homa Bay, kwa maana Lawino ni Awino kwa matamshi ya kaskazini.

Alilelewa katika nyumba yenye sauti mbili. Baba yake alikuwa mwalimu aliyepata elimu ya wamisheni na aliyesifika kwa usimulizi wa hadithi. Mama yake alikuwa mwimbaji na mtunzi wa nyimbo za Kiacholi. Katika nyumba hiyo moja, Biblia na ngoma ziliishi pamoja, na kijana Okot alizifahamu zote mbili kabla ya kutakiwa na yeyote achague. Alisoma Gulu, kisha akaendelea katika Chuo cha King's kilichoko Budo, mojawapo ya shule zilizowalea wasomi wa tabaka la juu nchini Uganda. Baadaye akawa mwalimu karibu na Gulu.

Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 22, alichapisha riwaya kwa Kiacholi iitwayo Lak Tar. Riwaya hiyo inamhusu kijana anayeondoka kwao kwenda Kampala kutafuta mahari, akarudi mikono mitupu baada ya kuibiwa njiani. Uamuzi wa kuanza kuandika kwa lugha ya mama haukuwa jambo la bahati. Tangu mwanzo, Okot aliwaandikia kwanza wale aliokuwa akiwaandika. Msimamo huo ndio mbegu ya yote yaliyofuata.

Maneno ya darasani

Okot alikuwa pia mchezaji hodari wa kandanda. Mwaka 1956 alisafiri Uingereza pamoja na timu ya Uganda, na michezo ilipokwisha alibaki huko kusoma. Alisomea ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, na hatimaye anthropolojia ya jamii katika Chuo Kikuu cha Oxford.

Oxford ndiko alikokutana ana kwa ana na nguvu ya neno lililoandaliwa na wengine. Katika mhadhara wake wa kwanza kabisa wa anthropolojia, kama alivyosimulia baadaye, mwalimu alikuwa akiwataja Waafrika na jamii nyingine zisizo za Kizungu kwa maneno yenye maana ya washenzi na watu wasiostaarabika. Okot alipinga. Upinzani wake haukufua dafu, maadamu maneno hayo yalikuwa yamejengeka katika vitabu, maktaba na majina ya kozi zenyewe. Hapo alitambua kwamba mtu hawezi kushinda hoja akiwa amekwisha kuyakubali maneno ya mpinzani wake.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kutua kidogo hapa. Neno mshenzi si geni katika lugha yake. Watu wa pwani walilitumia zamani kwa ajili ya watu wa bara, na wakoloni wakalirithi na kulipalilia. Kwa hiyo kisa cha Oxford si kisa cha Kiingereza peke yake. Kila lugha yenye mamlaka huwa na ghala la majina ya kuwaitia wasio na mamlaka, na Kiswahili nacho kimewahi kuwa na ghala lake.

Lawino na majina

Okot aliporejea Afrika Mashariki katikati ya miaka ya 1960 alifanya kazi chini ya Chuo cha Makerere, kisha akakiongoza Kituo cha Utamaduni cha Uganda jijini Kampala. Katika kipindi hicho ndipo kilipotoka kitabu kilichomjengea jina. Wimbo wa Lawino aliutunga kwanza kwa Kiacholi, lakini tafsiri yake mwenyewe ya Kiingereza ndiyo iliyotangulia kuchapishwa na East African Publishing House, Nairobi, mwaka 1966. Matini ya Kiacholi ilifuata mwaka 1969. Wasomaji wa Kiswahili walifikiwa na tafsiri ya Paul Sozigwa mwaka 1975.

Lawino ni mke aliyeachwa upande. Mumewe Ocol amesoma, amebatizwa na ameingia katika siasa, na sasa amempenda Clementine, mwanamke wa kisasa. Lawino analalamika mbele ya ukoo mzima. Analalamikia nywele, chakula, ngoma, saa na vitabu, ila katika hayo yote kuna uzi mmoja usiokatika: kila jambo Ocol amelipa jina jipya, na kila jina jipya limelifanya jambo la zamani lionekane kuwa ni aibu.

Kuhusu majina ya watu, mgogoro wao uko wazi. Ocol anataka majina ya ubatizo, kwani yale ya Kiacholi anayaona kuwa ya kipagani. Lawino anajibu kwa namna mbili. Kwanza, anayatamka majina hayo ya kigeni jinsi ulimi wake unavyoyapokea, hata yanageuka kuwa kelele tupu zisizo na maana, mithili ya mikebe inayoangushwa. Kicheko kinachozuka hapo si kicheko cha mtu asiyejua kusoma. Ni hoja ya isimu: jina lisiloeleka katika mfumo wa sauti na maana wa jamii hubaki mgeni hata likiandikwa katika cheti. Pili, anaeleza kinaganaga jinsi majina ya kwao yanavyofanya kazi. Yapo majina ya mapacha na ya waliowafuata mapacha, majina ya wenye alama za pekee mwilini, na majina ya huzuni wanayopewa watoto waliozaliwa nyumba ikiwa imezoea misiba. Msomaji wa Migori atamkumbuka Owiti au Awiti, mtoto wa mama aliyefiwa na watoto waliotangulia.

Fauka ya hayo, Lawino ana jina la sifa. Katika ujana wake alikuwa kiongozi wa wasichana wenzake, na kwa sababu hiyo akajitwalia jina la chifu wa Payira. Jina la namna hiyo halitolewi na mzazi wala padri. Mtu hulipata mbele ya hadhira, uwanjani, kwa umahiri wake. Wajaluo nao wana pakruok, majigambo ambayo kwayo mtu husimamisha muziki wa nyatiti au wa ohangla, akalipia nafasi hiyo, kisha akajitaja na kuwataja awapendao kwa majina ya sifa. Aliyewahi kuhudhuria sherehe ya namna hiyo Ndhiwa, Mbita au Awendo hatashangaa kwa nini Lawino analiona jina lake kama mali. Mtu akinyimwa jina hilo, amenyimwa pia hadhira iliyomtambua.

Fasihi ya Kiswahili ilikuwa na utamaduni wake wa majina yenye maana. Shaaban Robert aliwapa wahusika wake majina kama Karama, Majivuno na Utubora, na msomaji akalipokea jina kama ufunguo wa tabia. Hata hivyo, iko tofauti ya msingi. Katika kazi za Shaaban Robert, jina ni hukumu ya mwandishi juu ya mhusika. Katika kazi ya Okot, mhusika mwenyewe ndiye anayesimama kulitetea jina lake, huku mhusika mwingine akijitahidi kumvua. Jina limetoka katika mikono ya msimulizi na kuwa uwanja wa mapambano.

Okot hakuacha kumtega Ocol katika wavu huo huo. Jina Ocol lina maana ya mtu mweusi. Katika Wimbo wa Ocol, uliochapishwa mwaka 1970, mume huyo anapata nafasi ya kujibu, naye anamlilia mama yake akiuliza sababu ya kuzaliwa mweusi. Mtu anayeukana weusi kwa sauti kubwa namna hiyo huitwa Mweusi kila anapoitwa chakula. Amebadilisha mengi, ila jina lake linaendelea kumshuhudia.

Rubanga, mfinyanzi wa vibiongo

Mfano mzito zaidi wa ung'ang'anizi wa maneno unahusu jina la Mungu. Okot aliueleza katika utafiti wake juu ya dini za Kiafrika na namna wasomi wa Magharibi walivyoziandika, kazi iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa mujibu wa maelezo yake, mwaka 1911 mapadri wa Kikatoliki kutoka Italia waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kwa kuwa lugha haikuwa na neno la kuumba kutoka katika utupu, swali lilitafsiriwa kwa kitenzi chenye maana ya kufinyanga. Wazee walishangaa. Watu huzaliwa na mama zao, hawafinyangwi. Walipozidi kubanwa, mzee mmoja alikumbuka kwamba mtu aliyezaliwa mzima huweza kupatwa na maradhi ya uti wa mgongo, akapinda na kuwa na kibiongo, kana kwamba amefinyangwa upya. Roho iliyoaminika kuleta maradhi hayo iliitwa Rubanga. Basi mzee akajibu kwamba Rubanga ndiye afinyangaye watu. Mapadri wakaridhika, na jina la roho ya maradhi likaingia katika katekisimu kama jina la Mwenyezi Mungu.

Asemaye Dholuo anaielewa tanzia hii mara moja, kwani kitenzi chweyo humhusu mfinyanzi wa vyungu na pia humhusu Muumba. Katika Dholuo neno hilo limekwisha kuzizoea maana zote mbili. Katika kisa cha Okot, maana moja ilikuwa bado haijafika, ilhali nyingine ilikuwa imekaa mlangoni.

Sasa inaeleweka kwa nini Lawino, kila anapomtaja Mungu wa kanisani, anamwita Kibiongo. Msomaji asiyejua historia hiyo atadhani ni kufuru. Lawino hakufuru, anatafsiri. Analirudishia neno maana iliyokuwa nayo kabla ya kuingia kanisani, kisha anauliza maswali ambayo mafundisho hayakuyajibu: mfinyanzi aliupata wapi udongo, na kabla ya kufinyanga alikuwa akikaa wapi? Katika darasa la dini aliliona lile kosa ambalo kila mwanafunzi wa tafsiri huonywa dhidi yake, yaani kukariri sauti bila kujua zinabeba nini. Alilikimbia darasa akaenda ngomani, kwa kuwa huko alikuwa akiyajua maneno ya nyimbo.

Hata Kiswahili hakikusalimika mbele yake. Neno Uhuru linapita katika utenzi huo likiwa halijatafsiriwa. Lawino anawasikia wanasiasa wakilitaja pamoja na umoja na amani, lakini anawaona Ocol na ndugu yake, walio katika vyama viwili tofauti, hawaelewani tena. Anauliza kama huo ndio umoja wenyewe. Kwa mara nyingine anataka neno lionyeshe kilichomo ndani yake.

Kisumu na Nyanza

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Okot alipoteza wadhifa wake Kampala baada ya kuikosoa serikali ya nchi yake alipokuwa ziarani Zambia. Aliingia Kenya na kupewa kazi Kisumu katika idara ya elimu ya watu wazima ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyohudumia magharibi mwa nchi. Wakati huo Migori na Homa Bay zilikuwa sehemu ya Wilaya ya Nyanza Kusini, makao yake makuu yakiwa mjini Homa Bay. Mkimbizi huyo alijikuta katika nchi ambamo alikuwa mgeni kwa pasipoti na mwenyeji kwa jina. Mwaka 1968 aliandaa tamasha la sanaa mjini Kisumu, akiwaleta wachezaji wa ngoma na waimbaji wa vijijini mbele ya wasomi.

Majira yalikuwa ya mjadala. Mwaka huo huo, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza mjini Nairobi ivunjwe ili fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi, iwe kitovu cha masomo. Nyanza nayo ilikuwa na kisa chake cha majina: Jaramogi Oginga Odinga alikuwa amekwisha kuyaacha majina yake ya ubatizo na kushindana na watu wa kanisa ili wanawe wabatizwe kwa majina ya Kiafrika. Ugomvi wa Lawino na Ocol, kwa hiyo, haukuwa wa kitabuni tu. Ulikuwa ukiendelea katika boma na makanisa ya ziwani.

Mfungwa na Malaya

Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya aliuawa Nairobi kwa risasi, akazikwa katika kisiwa cha Rusinga, Homa Bay. Miaka miwili baadaye Okot alichapisha Wimbo wa Mfungwa pamoja na Wimbo wa Malaya katika juzuu moja, iliyotunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1972. Wakati huo alikuwa mtafiti na mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Mfungwa amefungwa kamba, amepigwa, na anadai kwamba amemuua kiongozi mkubwa. Ni vigumu kuwawazia wasomaji wa Rusinga wakisoma utenzi huo bila kulikumbuka kaburi lililokuwa bado changa. Hata hivyo, jambo la kisanaa linalostahili kuzingatiwa ni jinsi mfungwa anavyoshughulikia swali la mahakama. Sheria inampa majibu mawili tu: akubali kosa au alikane. Okot, ambaye aliwahi kusomea sheria, alijua vyema kwamba hakuna jibu la tatu. Mfungwa wake anatoa la tatu, la nne na la tano. Badala ya kukiri au kukana kosa, anakiri hofu, anakiri ulevi, anakiri unyonge wake mbele ya wenye nguvu. Anaendelea kulijibu swali kwa maneno yake mwenyewe mpaka swali lenyewe linaonekana kuwa halina maana. Ung'ang'anizi wa Lawino ulikuwa juu ya majina. Huu ni juu ya haki ya kuchagua neno la kujieleza wakati uhai wa mtu uko hatarini.

Wimbo wa Malaya unakwenda njia nyingine. Okot aliandika kwa Kiingereza, lakini aliliacha neno la Kiswahili katika jina la utenzi, kwa sababu ndilo lililosikika mitaani na bandarini kote Afrika Mashariki. Mwanamke anayezungumza halikani jina hilo wala haombi jingine lenye heshima zaidi. Analichukua jinsi lilivyo na kuwarudishia waliomtupia. Wanaomtukana mchana ndio wanaobisha mlango wake usiku, na kama jina hilo ni uchafu, basi uchafu huo una washirika wengi wasiotajwa. Lawino alishikilia jina alilolipenda, ilhali Malaya anashikilia jina alilochukiwa kwalo. Katika hali zote mbili, mhusika anakataa kuwaachia wengine kamusi.

Kamusi hiyo Okot mwenyewe aliendelea kuipigania kwa njia ya utafiti. Alikusanya na kutafsiri nyimbo za Kiacholi, na baadaye ngano. Utawala wa Idi Amin ulimzuia kurudi nyumbani kwa miaka mingi, na katika kipindi hicho alifundisha pia Nigeria. Amin alipoanguka mwaka 1979 alirejea Makerere, na mwaka 1982 akapewa uprofesa wa utunzi wa kisanaa. Hakuufaidi muda mrefu. Mwezi Julai mwaka huo alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 51.

Hitimisho

Haitakuwa haki kumsifu Okot bila kuliangalia doa la hoja yake. Lawino ana nguvu anapodai jina lake, lakini anamnyima Clementine haki hiyo hiyo. Jina la mwanamke huyo kwake ni kichekesho tu, na haulizi mwenyewe analipendea nini. Tena, maneno hayakai mahali pamoja. Waacholi wengi Wakristo wamesali kwa jina la Rubanga kizazi baada ya kizazi, na katika midomo yao jina hilo halimaanishi tena roho ya kibiongo. Wenye lugha wamelitwaa kosa la mapadri na kulifanya lao. Vivyo hivyo, yuko mwanamke wa Kijaluo ambaye jina la ubatizo alilirithi kwa bibi yake, na kwake jina hilo ni la wahenga kama lilivyo Awino. Lawino angeliona jambo hilo kuwa gumu kulimeza.

Aidha, suala la majina halimhusu Mzungu na Mwafrika peke yao. Katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, jamii ya Abasuba imeishuhudia lugha yake ikipungua mbele ya Dholuo, lugha ile ile ambayo mbele ya Kiingereza hujiona mnyonge. Mjini Migori, Kiswahili hukutanisha Wajaluo, Wakuria, Waluhya, Wasomali na wengineo, na kila mmoja huleta majina ambayo jirani yake huyatamka kwa ulimi wake. Anayetamka vibaya leo alikuwa akitamkiwa vibaya jana. Funzo la Okot, kwa hiyo, si kwamba majina ya zamani ni matakatifu na mapya ni haramu. Funzo lake ni kwamba kabla ya kumpa mtu jina, au kumpa Mungu jina, au kuita jamii fulani kwa neno fulani, ni wajibu kuwauliza wenyewe na kulisubiri jibu lao, hata kama jibu hilo halilingani na swali.

Wazee wa mwaka 1911 waliulizwa, lakini hawakusubiriwa. Wakatoa jibu la kuondokea, na jibu hilo likaandikwa kitabuni. Mwana wa mvua aliyezaliwa miaka 20 baada ya siku hiyo alitumia maisha yake kuwaumbia wahusika ambao, wakiulizwa, hawaharakishwi. Mwalimu wa Kiswahili anayelishika daftari la majina asubuhi, iwe Rongo, Kendu Bay au kwingineko, anao wasaa wa kufanya lile ambalo mapadri hawakulifanya: kulitamka jina la mwanafunzi, kumtazama mwenyewe kama ameitika, na pale anaporekebishwa, kulirudia upya.